Mwovu Asiyekuwa Mwovu: Habari za Maneno ya Kale ya Kiingereza



Majuzi kijana mmoja anayesoma historia ya Uingereza alinijia na uso wa mtu aliyedanganywa. Alikuwa amesoma kwamba katika mwaka 1086 watu na mali viliandikwa kwa amri ya mfalme wa nchi ile, na katika hesabu hiyo wakuu wa nyumba zaidi ya 100,000 waliandikwa kuwa "villein". Kijana akafungua kamusi yake ndogo. Neno hilo hakulipata, ila alimpata jirani yake, "villain", na maana yake imeandikwa: mtu mwovu, mhalifu, ayari. "Mzee," akaniuliza, "yawezekanaje mfalme awahesabu waovu laki moja, kisha awaache waendelee kulima kana kwamba hapana neno?"

Nilicheka, walakini swali lake si la kuchekwa. Kamusi haikumdanganya, wala kitabu hakikumdanganya. Neno ni lile lile, ila limesafiri miaka mingi baina ya kitabu na kamusi, na safari yenyewe haikuwa ya heri kwa wale walioitwa kwa neno hilo. Nataka leo tuifuate safari hiyo, pamoja na maneno mengine machache ya kale. Maana maneno ya Kiingereza cha zamani yana desturi moja: ukiyachunguza utajua nani alikuwa juu na nani alikuwa chini, na ni mkono wa nani ulioshika kalamu.

Natuanzie mkate. Kiingereza kilichosemwa kabla ya mwaka 1066 ni lugha ambayo Mwingereza wa leo hawezi kuielewa asipofundishwa. Katika lugha ile bwana mkubwa aliitwa "hlaford", na neno hilo limetokana na maneno mawili, "hlaf", yaani mkate, na "weard", yaani mlinzi. Bwana ndiye mlinzi wa mkate. Mkewe aliitwa "hlæfdige", maana yake mwenye kuukanda mkate. Kwa kupita midomo ya watu wengi "hlaford" limepunguzwa likawa "lord", na "hlæfdige" likawa "lady". Leo "lord" ni jina la heshima kubwa, hata Mungu huitwa hivyo. Na "lady" pengine ni mwanamke ambaye hajapata kugusa unga maisha yake yote.

Lakini palikuwa na mtu wa tatu katika nyumba ile. Katika sheria za Æthelberht, mfalme wa Kent, zilizoandikwa karibu na mwaka 600, nazo ndizo sheria za kwanza kuandikwa kwa Kiingereza, imetajwa faini ya shilingi 6 atakayotozwa mtu akimwua "hlafæta" wa mtu mwingine. Maana ya neno hilo ni mla mkate, yaani mtumishi, yule anayelishwa na mwenye nyumba. Basi mlinzi wa mkate amekuwa mtukufu, na mkandaji wa mkate amekuwa bibi wa heshima. Mla mkate je? Neno lake limekufa. Hakuna Mwingereza alitamkaye leo, isipokuwa wataalamu wa sheria za kale.

Tarehe 14 Oktoba, 1066, William, mtawala wa Normandy katika nchi ya Ufaransa, alimshinda Mfalme Harold katika vita vya Hastings, na siku ya Krismasi mwaka ule ule akavikwa taji. Toka hapo, kwa muda wa karne tatu hivi, wakubwa wa Uingereza walisema Kifaransa, na wanyonge walisema Kiingereza. Ndiyo sababu maneno ya mamlaka katika Kiingereza, kama "judge", hakimu, "prison", gereza, "tax", kodi, na "rent", ada ya ardhi, yote yametoka kwa Wafaransa. Bali "ox", maksai, "field", konde, na "bread", mkate, ni ya wenyeji.

Watu hupenda kutoa mfano wa nyama. Ng'ombe akiwa malishoni huitwa "cow", kwa Kiingereza cha wachungaji. Akiisha pikwa huitwa "beef", kwa Kifaransa cha walaji. Kondoo kadhalika ni "sheep" mbele ya mchungaji na "mutton" mbele ya bwana. Walter Scott alizitia habari hizi katika kitabu chake kiitwacho Ivanhoe, kilichotolewa mwaka 1819, akazisemesha kwa kinywa cha mcheshi wa nyumba aliyekuwa akizungumza na mchunga nguruwe. Hadithi ni tamu, nami sipendi kuwanyang'anya watu tamu yao. Lakini haki ya mambo ni kwamba kwa karne nyingi "beef" na "mutton" yaliweza kutumika hata kwa mnyama aliye hai, na mpaka ulio safi baina ya zizi na meza ulikuja baadaye sana. Ushahidi ulio bora upo mahakamani. Mwaka 1362 ilitungwa sheria ya kuamuru kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu wengi hawakielewi Kifaransa wanachohukumiwa nacho. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa!

Sasa tutazame maneno yaliyozaliwa pamoja kisha yakaachana njiani. Katika Kiingereza cha kale "cniht" alikuwa mvulana au mtumishi, na "cnafa" alikuwa mvulana pia. Ndugu wawili, umri mmoja, hali moja. "Cniht" alipata bahati ya kumtumikia bwana wake vitani juu ya farasi. Jina lake likapanda, likawa "knight", na leo mtu akipewa cheo hicho na mfalme huitwa "Sir". "Cnafa" alibaki jikoni na mazizini. Jina lake likawa "knave", nalo likashuka mpaka likawa na maana ya mlaghai. Wala hapana sababu ndani ya maneno yenyewe. Wadachi wa Ujerumani walikuwa nayo maneno hayo hayo, nao wakayapeleka kwingine: kwao "Knabe" ni mvulana tu, hana lawama, na "Knecht", ndugu wa "knight", ndiye kibarua wa shambani.

Tusiwacheke, maana sisi pia tuna ndugu wa namna hii. Katika lugha yetu mtu aliyepewa ujumbe na Mungu ni mtume, na mtu aliyenunuliwa sokoni ni mtumwa, na yote mawili yametoka katika tendo moja la kutuma. Aliyetumwa na Mwenyezi tunamtaja kwa heshima. Aliyetumwa na tajiri, jina lake ni msiba kwa watoto wake hata leo.

Neno "boy" nalo lina habari yake. Kila mtoto wa shule atakuambia kuwa ni mtoto wa kiume. Lakini katika maandiko ya karne ya 13 na ya 14 neno hilo lilikuwa likimtaja hasa mtumishi, mtu wa hali ya chini, wala haikuwa lazima awe mdogo. Wazungu walipokuja Afrika Mashariki na kuwaita watumishi wao wa nyumbani "boy", nasi tukalifanya boi, wazee wenye mvi na wajukuu waliitwa kwa jina hilo, nao waliona uchungu, wakidhani wametukanwa kwa kuitwa watoto. Uchungu wao ulikuwa wa haki. Lakini walioita hivyo, bila ya kujua, walikuwa wamelirudisha neno katika maana yake ya kale kabisa, ile ya bwana na mtumishi.

Wanawake hawakusalimika. "Cwen" alikuwa mke wa mfalme, na "cwene" alikuwa mwanamke tu. La kwanza ni "queen", malkia. La pili liliandikwa "quean", likaja kuwa tusi la mwanamke asiye na heshima, na sasa limekwisha sahauliwa. "Wench" alikuwa mtoto, kisha msichana, kisha mtumishi wa kike, kisha jina lisilofaa kutajwa mbele za watu. "Housewife", mama mwenye nyumba, lilifupishwa likawa "hussy", nalo ni tusi. Katika habari hizi sina la kuongeza, ila kwamba sikumbuki majina ya waume wenye nyumba yaliyoharibika kwa njia hiyo.

Tena yuko "ceorl". Huyu hakuwa mtumwa. Alikuwa mtu huru wa daraja ya chini, mwenye kulima, na akiuawa katika nchi ya Wessex diya yake ilikuwa shilingi 200, ilhali diya ya mkubwa ilikuwa shilingi 1,200. Katika Kiingereza jina lake limekuwa "churl", mtu mgumu asiye na adabu. Lakini ng'ambo ya bahari neno lenye shina hilo hilo lilikuwa jina la watu, Karl, na mmoja wa walioitwa hivyo alikuwa yule mfalme mkuu wa Wafranki aliyevikwa taji la Dola ya Rumi mwaka 800. Sifa zake zilienea hata watu wa Poland wakalifanya jina lake kuwa neno la kusema mfalme, "król". Na Waingereza nao wamekuwa na wafalme walioitwa Charles. Basi shina moja limezaa tusi kwa mkulima na jina kwa mfalme.

Kabla ya kurudi kwa kijana wetu, neno moja juu ya "thou", kwa sababu wasomaji wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hukosea sana hapa. Wengi wetu tukiliona neno hilo likisemwa katika sala, hudhani kuwa ni neno la utukufu. Sivyo. "Thou" ni wewe, mmoja. "You" lilikuwa ninyi, wengi. Kwa kuiga adabu za Kifaransa, Waingereza walianza kumwambia mkubwa "you" kana kwamba yeye peke yake ni watu wengi, na "thou" likabaki kwa mtoto, kwa mtumishi, kwa rafiki wa moyoni, na kwa Mungu, ambaye mtu husema naye pasipo mapazia. Kumwambia mtu wa heshima "thou" mbele za watu kulikuwa kama sisi kumpigia mzee kelele "Wewe!" barabarani. Mwaka 1603, Sir Walter Raleigh aliposhtakiwa kwa uhaini, mwanasheria wa mfalme, Edward Coke, alimtupia neno hilo makusudi ili kumvunjia heshima. Na katikati ya karne ile, wafuasi wa dini waitwao Quakers walipoamua kumwambia kila mtu "thou", tajiri kwa maskini, kwa imani kwamba watu wote ni sawa, walipata mapigo kwa ajili ya silabi moja. Mwisho Waingereza wakamaliza ugomvi kwa namna yao: wakawaambia watu wote "you", hata mbwa.

Haya, na tumrudie "villein".

Warumi waliita nyumba ya shamba "villa", na mtu wa shamba hilo aliitwa kwa Kilatini cha baadaye "villanus". Wafaransa wakalifanya "vilain", na wale wa Normandy wakavuka nalo bahari. Makarani wa William walipozunguka nchi mwaka 1086 waliandika katika daftari lao kila shamba, kila plau, kila kinu, na kila mkuu wa nyumba kwa daraja yake. Wenyeji waliliita daftari hilo Domesday, yaani siku ya hukumu, kwa sababu kilichoandikwa mle hakikuwa na rufani. "Villani" ndio waliokuwa wengi kuliko daraja nyingine yo yote. Chini yao waliandikwa watumwa hasa, zaidi ya 25,000, ambao utumwa wao ulitoweka katika miaka mia iliyofuata.

Wanasheria wa baadaye waliikaza kamba. "Villein" hakuuzwa sokoni kama mbuzi, lakini alifungwa na ardhi. Siku mbili au tatu za kila juma alilima konde la bwana wake bila ujira, na wakati wa mavuno alizidishiwa. Akitaka kumwoza binti yake humlipa bwana kwanza. Akifa, bwana huchagua mnyama aliye bora katika zizi lake kabla watoto hawajagawana. Akiondoka bila ruhusa, hurudishwa. Ila akibahatika kuingia katika mji wenye haki zake, akakaa mwaka mmoja na siku moja asikamatwe, huwa huru. Na hali hiyo ilirithiwa: mwana wa "villein" alikuwa "villein". Yote hayo yaliandikwa katika hati za baraza la bwana, na hati ndizo zilizomshika mtu kuliko mnyororo.

Katika miaka ya 1348 na 1349 ilikuja tauni iliyoua sehemu kubwa ya watu wa nchi. Mikono ya kazi ikawa adimu, na mkulima akajua thamani yake. Wakubwa wakatunga sheria mwaka 1351 kuzuia mishahara isipande. Kisha ikaletwa kodi ya kichwa, mara moja, mara mbili, na mara ya tatu kwa shilingi nzima kwa kila mtu aliyepita miaka 15, tajiri na maskini sawa. Wazee wetu wanaoikumbuka kodi ya kichwa hawahitaji kuelezwa zaidi. Mwezi wa Juni, 1381, watu wa Kent na Essex waliinuka, na mahali pengi walipopita jambo lao la kwanza lilikuwa kuzitafuta hati za mabaraza na kuzichoma moto. Wajinga, husema baadhi ya waandishi wa wakati ule, wanaochukia maandishi. Mimi nasema walijua kusoma vya kutosha: walijua kilichoandikwa mle ni nini.

Tarehe 14 Juni, Mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, aliwakuta Mile End, nje ya London, akawapa hati za uhuru. Kesho yake mkuu wao, Wat Tyler, aliuawa Smithfield mbele ya mfalme. Tarehe 2 Julai hati zile zikafutwa, na wengi walinyongwa.

Walioandika habari hizo walikuwa watu wa makasri na wa nyumba za watawa, wala hapana "villein" aliyeandika kitabu chake. Katika vinywa vya mabwana, mtu wa shamba alikuwa mchafu, mjanja, mwoga, asiyejua ukarimu. Na tangu zamani, hata kule Ufaransa, jina la kazi yake lilikuwa tayari limeanza kuwa jina la tabia. Katika mchezo wa Shakespeare uitwao As You Like It, ulioandikwa karibu na mwaka 1599, yuko kaka mmoja anayemtukana mdogo wake "villain" kwa maana ya mwovu, na mdogo hujibu kana kwamba ameambiwa si mwana wa baba yake bali ni mtoto wa mkulima. Maana zote mbili zilikuwa hai bado siku hiyo, na watazamaji walizielewa zote. Baadaye watu walizitenga kwa tahajia: "villein" kwa wanasheria, "villain" kwa wengine wote.

Nasi je? Mtu akikosea njia mjini, au akishangaa taa, tunamwambia nini? Mshamba! Neno zuri lisilo na kosa, mtu wa shamba, yule yule anayetulisha. Hatujamfikisha kwenye uovu, lakini tumekwisha kumfikisha kwenye upumbavu, na kalamu iko mikononi mwa watu wa mjini.

Hapana sheria iliyotungwa kuuondoa ule ufungwa wa "villein". Ulikonda polepole: mabwana walipenda zaidi kupokea fedha kuliko siku za kazi, na kufika miaka ya kwanza ya karne ya 17 hakubaki mtu wa hali ile. Neno la mahakama likalala vitabuni. Lakini liliamshwa mara moja tena, na habari hii ndiyo iliyonifanya nichague mazungumzo ya leo.

James Somerset alikuwa mtu wa Afrika aliyeuzwa Virginia, na bwana wake, Charles Stewart, alimleta Uingereza mwaka 1769. Mwaka 1771 akatoroka. Akakamatwa, akatiwa minyororo katika meli iliyokuwa ikingoja kwenda Jamaica, ili akauzwe huko. Watu waliokuwa rafiki zake wakaomba hati ya mahakama aletwe mbele ya hakimu, na kesi ikaja kwa Lord Mansfield. Mmoja wa mawakili wake alikuwa Francis Hargrave, kijana asiyejulikana bado, ambaye hakutaka ujira. Huyu alirudi kwenye vitabu vilivyojaa vumbi akamtoa "villein".

Hoja yake ilikuwa hivi. Sheria ya Uingereza haijui utumwa mwingine ila ule wa "villein". Na sheria ile ile iliuwekea masharti mazito: bwana anayedai mtu ni "villein" wake athibitishe kwamba wazee wa mtu huyo walikuwa "villein" tangu zama zisizokumbukwa, au mtu mwenyewe akiri mahakamani. Mtoto wa nje ya ndoa hakuweza hata kudaiwa, kwa kuwa baba yake hajulikani kisheria. Mtu aliyetoka Afrika atathibitishwaje kuwa uzao wa wakulima wa Uingereza? Na kwa kuwa mlango huo wa pekee umekwisha kufungwa, nani ana ruhusa ya kufungua mwingine?

Tarehe 22 Juni, 1772, Lord Mansfield alitoa hukumu. Hakuijenga juu ya hoja ya Hargrave moja kwa moja. Alisema kuwa utumwa ni jambo la kuchukiza mno hata hauwezi kusimama ila kwa sheria iliyotungwa wazi, na sheria ya kumruhusu bwana kumkamata mtu Uingereza na kumsafirisha kwa nguvu haipo. Hukumu ilikuwa nyembamba kuliko watu walivyodhani, na utumwa katika makoloni ya Waingereza haukukomeshwa hata sheria ya mwaka 1833. Lakini Somerset alitoka mahakamani mtu huru. Watu weusi waliokuwa wamejaa mle ndani waliwainamia mahakimu, kisha wakawainamia mawakili, kisha wakapeana mikono wao kwa wao.

Basi hao ndio waovu laki moja wa kijana wetu. Kwaherini.